Simba wa Kwenye Sahani

Nilisema vile kwa kuupenda ukweli, au nilitaka tu baba aaibike? Nina miaka arobaini na tisa na bado sijapata jibu. Swali hilo hunirudia kila nisikiapo kijiko kikigonga kauri, ule mlio mwembamba unaochelewa kwisha.

Sahani yetu ilitundikwa sebuleni, katika nyumba ya kupanga huko Marekani, mji wa Falls Church. Ilikuwa nyeupe, na katikati palichorwa ngao na simba mwenye taji, ingawa machoni pangu alifanana zaidi na mbwa aliyenyeshewa. Baba alikuwa mwalimu mkuu Tanga. Marekani alilinda maegesho ya magari. Kila mgeni aliambiwa kwamba sahani ni urithi wa babu yake, na simba ni alama ya ukoo wetu. Mimi nilikuwapo alipoinunua mji wa jirani, Fairfax, vitu vya marehemu mmoja vilipokuwa vikiuzwa uani.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, shule ilitupeleka makumbusho. Nikajifunza kwamba matajiri wa Ulaya walipeleka China michoro ya ngao zao, yaani alama za koo zao, na mafundi wa huko, ambao simba wa namna ile hawakumjua, wakainakili kwenye kauri.

Jumapili iliyofuata walikuja wazee wa jumuiya yetu, waliokusudia kumfanya baba mwenyekiti. Tulipomaliza pilau, akaanza habari za babu yake. Nikamkatiza kwa Kiingereza changu cha shule: simba ni wa Wazungu, sahani ni ya Wachina, na sisi tuliinunua Fairfax.

Mzee Mbwana akafuta mdomo taratibu. "Kumbe, mwalimu, hata ukoo unauzwa?"

"Na risiti anayo," akadakia mwenzake.

Walicheka sana. Baba alicheka nao, na kicheko chake ndicho kilichonitisha. Habari za uenyekiti hazikutajwa tena.

Nikiwa chuo kikuu ndipo nilipoelewa. Wenye ngao wale nao waliagiza fahari yao kwa watu wasiowajua, wakaitundika wageni waione. Baba alifanya vilevile, ila yeye aliipata ikiwa imeshatumika, na nyumbani alikuwa na mtoto aliyesoma.

Jumapili ile, wageni walipoondoka, baba hakunigombeza. Alimwambia mama tu kwamba kuanzia kesho sahani ile itafanya kazi ya sahani.

Asubuhi ukutani palibaki msumari. Chapati na mayai yangu vilikuwa juu ya ngao. Baba, tayari katika sare yake ya kazi, alisimama mlangoni.

"Kula, mwanangu," alisema. "Ni sahani."

Nikala, mpaka simba akaonekana.