Ukungu Kwenye Vioo vya Ndege Ndogo

Kazi yangu ni miwani. Sipimi macho, wanaopima ni wengine. Mimi naletewa karatasi, nakata lenzi, naziingiza kwenye fremu, nakaza skrubu. Chumba changu kiko Malindi mjini, ingawa nyumbani ni Ganda na jioni hurudi huko. Katika miaka yote ya kazi hii, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniletea ndege.

Alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenyeji wa mji, mteja wangu wa siku nyingi. Alifika asubuhi moja ya masika akiwa na boksi la viatu alilolifunika kwa leso. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba nirudishe mlango.

Ndani ya boksi mlikuwa na ndege ya plastiki yenye urefu wa kiganja na nusu, ya zile zinazonunuliwa vipande vipande na kuunganishwa kwa gundi. Mwenye kuziunganisha alikuwa mumewe. Mzee huyo alianguka msalani akavunjika paja, akapasuliwa Mombasa, na kwa wiki ya sita sasa alikuwa akiuguzwa huko kwa dada yake. Ndege aliiacha juu ya meza, mkia haujapakwa rangi, kioo cha mbele hakijawekwa.

Mkewe akaimaliza. Alinieleza waziwazi kwamba sababu zilikuwa mbili: alitaka kumfurahisha mumewe, na aliitaka meza yake ya kulia chakula. Alifuata picha za kwenye maelekezo. Alipaka mkia, akakibandika kioo cha mbele kwa supa glu, kisha akaipulizia ndege nzima vanishi isiyong'aa ili isishike vumbi. Hakujua kwamba vioo hufunikwa kwanza. Kulipokucha, madirisha yote yalikuwa meupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

"Wewe wasafisha miwani iliyochakaa," aliniambia. "Hii nayo si plastiki?"

Nilimjibu kwamba ni plastiki, lakini laini kuliko ya miwani, na kwamba sikuwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Akasema mumewe anarudi Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nilimwomba aniletee kile kijiti cha plastiki angavu ambacho vioo huja vimeshikana nacho, pamoja na kopo la vanishi yake, nipate pa kufanyia majaribio. Nilikipulizia vanishi ile ile, nikaiacha ikauke, nikajaribu kuitoa. Thina ilikiyeyusha papo hapo, kwa hiyo nikaachana nayo. Kilichofaa ni msasa wa maji, ule mlaini kabisa, niliokata vipande vidogo kama ukucha na kuulowesha kwa maji ya sabuni. Baada ya msasa nilisugua kwa pamba yenye dawa ninayong'arishia lenzi. Kila dirisha lilinichukua karibu nusu saa. Mwisho nililipitishia vanishi nyembamba inayong'aa kwa brashi, nayo ikajaza mikwaruzo iliyobaki. Kufikia Jumatano jioni ungeweza kuviona viti vilivyo ndani.

Kioo cha mbele kilikataa. Nilikisugua, nje kikawa safi, na weupe ukabaki. Ndipo nilipoelewa kwamba huo haukuwa wa vanishi. Supa glu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke ule ulikuwa umetua upande wa ndani, ambako kidole hakifiki. Nilichukua wembe ili nikibandue. Kilitoka, lakini kikapasuka kuanzia pembeni hadi katikati.

Ningeweza kumwambia kwamba kililetwa kikiwa kimepasuka. Wazo hilo lilinijia, nikakaa nalo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikampigia simu nikamweleza. Akauliza kama kingine kinaweza kutengenezwa.

Fremu mpya huja na lenzi za plastiki nyembamba zisizo na nguvu yoyote, za kuifanya ipendeze dukani. Ninazo debe zima. Nilichonga kijiti cha mbao kwa umbo la pua ya ile ndege, nikalainisha lenzi moja katika hewa moto ninayolainishia fremu, nikaikunja juu ya mbao. Ya kwanza iliingia mapovu, ya pili ilijikunja vibaya. Ya tatu ilikubali. Niliibandika kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo haina mvuke.

Ijumaa alikuja akaigeuza ndege mkononi kwa muda mrefu.

"Hatajua," alisema.

Niliirudisha ndege kwenye boksi.

Jumatatu walikuja wote wawili, mume akitembea kwa magongo, mke amebeba boksi. Nilimpa mzee kiti. Aliomba kuonyeshwa nilivyokunja plastiki bila mapovu, nikamwonyesha, naye akasikiliza kwa makini. Alikuwa ametambua kwamba kioo si kile cha asili pale pale alipokiona, na mkewe alikuwa amekwisha kumsimulia yote, vanishi, supa glu na wembe wangu. Nilimwomba radhi kwa kile nilichokipasua. Akasema kioo si neno.

Halafu, akiwa bado ananitazama mimi, akasema:

"Kule Mombasa nilikuwa nikilala chali usiku na mchana. Nilikuwa naipaka rangi kichwani. Kila siku kidogo. Leo mkia, kesho mlango. Nilijiambia nikirudi, nitaanzia pale nilipoachia."

Mkewe alikuwa amesimama karibu na mlango. Nadhani hilo hakuwa ameambiwa nyumbani, maana aliliweka boksi chini taratibu na kukaa kwenye benchi la wateja.

"Ungeniambia kwa simu," alisema baadaye.

"Ningekwambia nini? Usiguse meza?"

Mimi nilichukua fremu iliyokuwa karibu nikaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Mama akasema kwamba ikiwa anataka, aibandue yote aanze upya. Mzee akaitoa ndege kwenye boksi, akaisogeza dirishani penye mwanga, akautazama mkia.

"Mstari huu umenyooka," alisema. "Mimi mkono wangu hutetemeka hapa."

Waliondoka polepole kwa sababu ya magongo, na mama ndiye aliyelibeba boksi.

Mwaka uliofuata nilipeleka miwani ya mzee kwao. Meza ya chakula ilikuwa imejaa vipande vya helikopta, vioo vyake vimefunikwa kwa utepe wa karatasi. Mzee alikuwa akikata vipande kwa kisu, na mama, miwani ikiwa puani, alikuwa akipaka mstari mwekundu ubavuni. Waliniambia chai iko jikoni nijimiminie, maana rangi ilikuwa mbichi.