Bi Mwanakhamisi na Mkono wa Kushoto

Juzi walikuja watu watatu kutoka Mbeya mjini. Wawili walimu, mmoja karani. Wamekubali kuongoza vijana wa skauti bila malipo, wanataka kujua kazi yenyewe ikoje. Wakaniuliza, "Mzee Ahmadi, marehemu mkeo alikuwa anafanyaje?" Nikawajibu maneno mawili matatu, wakaaga. Walipoondoka nikaona nimewapunja. Basi naandika haya. Shule sikusoma sana, nitasema yale tu niliyoyaona.

Mke wangu Mwanakhamisi amefariki mwezi wa pili, mwaka huu wa 1959. Ameongoza skauti wa Mbalizi miaka mitatu, bila cheti. Wako watu hapa sokoni wanaolisema hilo la cheti kwa kunong'ona, kana kwamba aliiba. Mimi nalisema kwa sauti.

Alikulia Tukuyu. Baba yake, mtu wa Kilwa, alifungua duka la nguo huko, na mtoto akajua Kinyakyusa kama aliyezaliwa nacho. Nilimwoa, tukahamia Mbalizi, mimi nikipasua mbao, yeye na cherehani yake barazani. Tulizaa watoto wawili, tukazika wawili. Hilo sitalirudia.

Skauti walimjia kwa njia ya kitambaa. Mwalimu Edmund, aliyeanzisha kikosi, alileta kitambaa cha kijani, akashonewa skafu ishirini na nne. Tangu hapo vijana hawakuondoka barazani. Mara kifungo kimekatika, mara kaptura imechanika. Mwaka 1956 Mwalimu Edmund akahamishiwa Iringa, kikosi kikabaki bila mtu. Wanaume walioombwa walisema wana kazi. Niliombwa na mimi, nikasema nina mbao. Mwanakhamisi akasimamisha cherehani.

"Basi nipeni mimi," akasema.

Watu walicheka. Sokoni wakamwita Bibi Kaptura. Aliwajibu, "Kaptura nashona mimi. Kuna mwingine anayejua kipimo cha watoto wenu?"

Kazi aliianza kwa miguu. Alikwenda nyumba zote ishirini na nne, akakaa, akanywa alichopewa, akauliza: nani ana kifafa, nani anaogopa maji, nani hulala na njaa. Aliyaandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni. Mzazi aliyemwona akikaa kwenye mkeka wake hakuogopa tena kumpa mtoto.

Vijana alikutana nao uwanjani kando ya soko, watu wakipita. Kijana mmoja peke yake hakumwita ndani ya nyumba, hata kwa kumpima kaptura. Alimpima barazani, wenzake wakitazama na kumtania. Safari za mtoni alinichukua na mimi. Nikamwambia sijui kitu cha skauti. Akasema, "Mmoja akivunjika mguu nitamkimbiza mimi. Hawa wengine watabaki na nani, na maji?" Nikaenda. Mtoni kila kijana alikuwa na mwenzake. Akipiga filimbi, kila mmoja anashika mkono wa mwenzake na kuuinua juu. Asiyemwona mwenzake anapiga kelele hapo hapo. Miaka mitatu hatukupoteza hata kandambili.

Fimbo hakushika. Chakula walipika wenyewe. Ugali ukiungua waliula umeungua, naye akala, na mimi nikala, nikinuna. "Ukiwapikia," alisema, "umewanyang'anya."

Kosa alifanya moja, nalo nusura liue kikosi.

Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Ndiyo desturi yao. Mwalimu Edmund aliwafundisha hivyo, na Mwanakhamisi akaendeleza. Hakuwaambia salamu hiyo inaishia wapi. Huku kwetu mkubwa unampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko chako mwenyewe, na unainama kidogo. Mkono wa kushoto una kazi zake, kila mtu anazijua.

Siku ya soko, kijana mmoja aitwaye Alinanuswe, miaka kumi na mitatu, kiongozi wa kundi la kwanza, alimwona babu yake, mzee Yotamu, amekaa na wazee wenzake penye mahindi. Kijana ana skafu mpya shingoni. Akaenda, akasimama wima, akampa babu mkono wa kushoto.

Mzee Yotamu aliutazama ule mkono mpaka mtoto akaurudisha mwenyewe. Kisha akasema, "Huo umetoka nao chooni, au ndiyo unakwenda?"

Wazee hawakucheka. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

Haikupita wiki, skafu kumi na tisa zikarudishwa barazani kwetu. Nyingine zimekunjwa, nyingine zimetupwa kama tambara. Wakabaki vijana watano. Na wiki mbili mbele kamishna wa skauti, Mzungu, alikuwa anakuja kukagua. Asiporidhika, Mwanakhamisi asingepata cheti cha uongozi, na kikosi kisicho na kiongozi mwenye cheti kingefutwa. Kambi kubwa ya Iringa, ambayo wale vijana walikuwa hawazungumzi kingine, wangeisikia kwa watu.

Nikamwambia, "Waache sasa. Umejitahidi."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa ubao mbovu. Akajifunga khanga, akaenda kwa mzee Yotamu. Nikamfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama wa kushoto."

"Alinanuswe yupo? Nataka na yeye asikie."

Mtoto akaitwa. Shavu lake lilikuwa bado limevimba kwa kofi. Mwanakhamisi akasema mbele yake, "Mzee wangu, kosa si la huyu. Nilimpa salamu, sikumwambia mipaka yake. Nimekosa mimi."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa pa kuanzia. Akasema, "Basi uifute hiyo salamu."

"Peke yangu siifuti. Kikosi ni chao. Nitawauliza."

"Utawauliza watoto?"

"Ndio waliopigwa, baba. Mimi sikupigwa."

Mzee akanigeukia. "Ahmadi, huyu mkeo na wewe huwa anakuuliza?"

"Siku nyingine," nikasema.

Akaguna. Nadhani alitaka kucheka, akajizuia. Akatuambia mtoto anaweza kwenda huko kuulizwa, lakini jibu amletee na yeye.

Mwanakhamisi akawaita wote ishirini na wanne, hata waliorudisha skafu. Akawaambia kosa lilikuwa lake na shauri ni lao. Kisha akaenda kukaa mbali, amewapa mgongo, anashona vifungo. Walibishana muda wa kuivisha maharage. Wawili walishikana mashati. Nilitaka kuinuka, akasema bila kugeuka, "Kaa." Nikakaa. Wakaachiana wenyewe.

Alinanuswe ndiye aliyekuja na jibu. Mkono wa kushoto ni wa vijana wa skauti, wao kwa wao. Kila aliyewazidi umri atapewa wa kulia na kiwiko.

"Na kamishna?" akauliza Mwanakhamisi. "Yeye ni skauti."

Alinanuswe akasema, "Ni mkubwa. Awe skauti, asiwe."

"Mmeamua?"

"Tumeamua."

"Haya. Nami siwageuki."

Kila mmoja akalipeleka jibu kwao. Skafu zikaanza kuondoka barazani, moja moja. Tatu hazijachukuliwa mpaka leo. Vijana ishirini na mmoja wakasimama tena uwanjani.

Siku ya ukaguzi wazazi walikuja kuona. Mzee Yotamu alikuja na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa, karibu na mstari, kama hakimu. Kamishna akashuka kwenye gari na karani wake. Mtu mpole, sitamsingizia. Alimnyooshea Mwanakhamisi mkono wa kushoto. Mwanakhamisi aliificha mikono yote miwili ndani ya khanga na kuinamisha kichwa. Wala wa kulia asingempa, mwanamume asiyemjua. Kamishna akaelewa, akaendelea. Akatazama mafundo ya kamba, akasifu. Moto ulioshika kwenye kuni mbichi, akausifu zaidi.

Kisha akaenda kwenye mstari, akamnyooshea Alinanuswe mkono wa kushoto. Alinanuswe akainama, akashika kiwiko, akatoa wa kulia.

Mkono wa Mzungu ulibaki hewani. Akatabasamu, akidhani kijana amesahau. Akahamia kwa wa pili. Wa kulia. Wa tatu. Wa kulia. Kwa wa nne hakufika. Akasema neno, karani akatafsiri.

"Bwana anasema, mama, hukuwafundisha. Skauti hupeana kushoto."

"Mwambie wanajua sana. Wenyewe kwa wenyewe hupeana."

"Anasema yeye pia ni mwenzao."

"Mwambie ni mkubwa wao. Hapa mkubwa hapewi huo."

"Anasema ndivyo inavyofanywa dunia nzima."

"Mwambie dunia nzima bado haijafika Mbalizi."

Karani akasema, "Hilo, mama, tuliache."

"Tafsiri."

Akatafsiri. Sijui kama alilitafsiri lote. Kamishna akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakupiga kelele. Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ndicho cheti, jina la mke wangu limeshaandikwa. Akasema vijana wasalimie upya, mara moja tu, inavyotakiwa. Yeye atatia sahihi hapo hapo, na Iringa watakwenda. Karani akaongeza lake chini chini, "Mama, ni mkono tu. Akishaondoka mtafanya mpendavyo."

Vijana wakamtazama Mwanakhamisi. Mzee Yotamu akaegemea fimbo yake. Na mimi nikamtazama, na sitaficha: nilitaka akubali. Nilikuwa nimewaona wale watoto wakipakia vyombo vya Iringa na kuvipakua, mara tatu, kwa kujifunza tu.

Akasema, "Niliwaambia shauri ni lao. Nikiliuza leo kwa karatasi, kesho nikiwaambia msivuke, maji yamejaa, watanisikia kwa lipi? Mwambie Bwana awaulize wenyewe."

Karani akauliza. Alinanuswe akasogea hatua moja mbele. Akasema, "Bwana, tumekupa mkono tunaowapa babu zetu. Mkubwa zaidi ya huo hatuna."

Kamishna akamsikiliza karani mpaka mwisho. Akasema kanuni si zake, hawezi kuzibadili kila kijiji. Karatasi ikarudi mkobani. Gari likaondoka, likatuachia vumbi.

Mtoto mmoja mdogo alianza kulia, mwingine akamfinya anyamaze. Mzee Yotamu akainuka, akabana kigoda chini ya kwapa.

"Hivi barabara ya Iringa," aliuliza, "ni ya huyu mwenye gari peke yake?"

Mwanakhamisi akajibu, "Kaka yangu ana lori. Mwezi ujao linapeleka viazi Iringa."

"Basi?"

"Basi wataketi juu ya viazi."

Ndivyo walivyokwenda. Siku mbili juu ya magunia, baridi ya Makambako ikiwauma masikio, wakiimba mpaka dereva akaomba wamhurumie. Wazazi ndio waliotoa unga. Mzee Yotamu alitoa jogoo, akaagiza asichinjwe kabla ya kufika, na jogoo huyo alituchafua sote.

Uwanja wa kambi hatukuingia. Mlangoni walituuliza cheti, Mwanakhamisi akasema hana, akageuka. Hakubembeleza. Mwalimu Edmund alitutafutia mkulima mmoja Mkatoliki wa upande wa Tosamaganga, mwenye shamba ng'ambo ya mto, mkabala na kambi. Mkulima alisema tu tusimchomee nyasi zake. Tukapiga mahema hapo siku tatu. Nyimbo zao tulizisikia, na zetu walizisikia.

Siku ya pili vijana wa kambini walianza kuvuka kwenye mawe, wawili wawili, kuja kuona hawa ni akina nani. Walipokutana na wetu walipeana mkono wa kushoto, wakacheka, wakaketi kwenye moto. Alasiri walikuwa zaidi ya arobaini. Karani wa kamishna akatumwa kuja kuwarudisha. Alikunywa chai yetu kwanza, kikombe kizima, polepole, ndipo akawaambia warudi.

Cheti hakikuja mwaka ule, wala uliofuata. Mkaguzi hakuja tena. Mwanakhamisi aliendelea kila Jumamosi saa tisa, mpaka kifua kilipomlaza mwezi wa kwanza. Hata hapo alikuwa akinituma: nenda ukawahesabu, uniambie nani hakuja, na kwa nini. Nilikuwa narudi na majina. Sasa narudi, sina wa kumwambia.

Vijana leo ni thelathini na mmoja. Mimi naenda nao mtoni, na baba mmoja wa kundi la tatu. Mengine wanayaendesha wenyewe, Alinanuswe akiwa mbele.

Wiki iliyopita imekuja barua. Kamishna ni mwingine sasa. Anaandika kwamba amesikia kuna vijana wanavaa skafu Mbalizi na hawamo kwenye daftari lake, anauliza kikosi hicho ni cha nani. Waliisoma uwanjani, wakakaa, wakabishana, mimi nikiwa mbali nimewapa mgongo. Kisha Alinanuswe akachukua karatasi, akaandika: Ni chetu. Wakaweka majina yote thelathini na moja chini yake.

Niliipeleka posta mwenyewe, jana asubuhi.