Siku Mama Alipozuia Jeneza

Nakumbuka, mwanangu, siku mama yangu alipozuia jeneza la baba lisitoke uani kwetu, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Kwetu sisi tuliotoka Bukavu, maiti hapelekwi makaburini kabla historia yake haijasomwa mbele ya watu. Nyumbani msomi nilikuwa mimi, basi nikaiandika. Niliandika kwamba marehemu alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Nikavaa tai, nikasimama kusoma. Ujinga wangu siku ile, ukicheka sikukatazi, ulikuwa umepigwa pasi.

Sikufika nusu ya karatasi. Mama aliyekuwa ameketi mkekani akainuka.

“Ule mwenye unasoma njo nani? Bwana yangu alikuwa soda, miaka kumi na tisa! Cherehani mi njo nilimufundisha huku, juu nyinyi batoto mulale mumeshiba. Mutu asibebe hii sanduku. Hatuziki mutu na maisha ya mwingine.”

Kwamba baba alikuwa soda, yaani askari, nilijua. Ila niliogopa wakubwa wakijua alishika bunduki, dosye yetu, yaani faili ya kuhamia ng’ambo, isije ikaharibika, na woga ule ulikuwa na historia yake. Miaka minane kabla, tukiuza nguo sokoni Tsoka, mteja alimuuliza baba kuhusu kovu la shingoni. Nikamvuta pembeni.

“Papa, usiseme tena mambo ya jeshi. Utatuharibia.”

Aliniangalia sana, kisha akasema, “Sawa, mwana yangu.” Mimi nikasahau palepale.

Baba hakusahau. Pale msibani mama akanionyesha kwa kidole mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyeshuka kwenye baiskeli ya kabaza, ya kubeba abiria, asubuhi ile akitokea mjini, Area 18. Mama akasema alikuwa mwenzake baba jeshini. Alipopigwa risasi ya mguu, baba alimbeba mgongoni siku mbili. Na mzee huyo alipokuja kumtembelea hapa kambini, baba alisimama mlangoni akamwambia hamjui. Halafu akaingia ndani akalia mpaka mama akaogopa.

“Alimukana ndugu yake juu yako,” mama akaniambia. “Juu we ulimuomba.”

Nilitaka kusema nisamehe, na wa kuambiwa alikuwa ndani ya sanduku. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikakaa mkekani, mama akataja, nikaandika upya, na watu wote wakatungoja juani.

Kaburini yule mzee aliita cheo cha baba na jina lake, kama walivyokuwa wakiitwa jeshini kila asubuhi. Akaita mara ya pili. Sijui nguvu niliitoa wapi, nikajibu kwa niaba yake kama askari ajibuvyo kusema yupo: “Prezan!” Mzee akanishika bega, akalia nami.

Mwanangu, mkataa kwao ni mtumwa. Usimwombe mzazi wako afiche maisha yake ili yako yanyooke. Atakubali, kwa kuwa anakupenda, na hutajua amepoteza nini. Nenda leo umuulize alikotoka, maadamu bado anaweza kujibu. Mungu akupe masikio wazazi wako wakiwa hai, na siku yako ikifika, akupe mtoto wa kuitika jina lako bila woga.