Matembezi Yasiyokwenda Popote

Jirani akikata nyasi na harufu yake mbichi ikaingia dirishani, kazi yoyote niliyoishika huiacha. Hunirudisha kwenye Jumamosi moja nilipokuwa na miaka kumi, hatujamaliza hata mwaka mmoja Louisville, Marekani.

Sisi ni Warundi, ila mimi nilizaliwa kambini Tanzania. Tulikaa mtaa wa South End, na Mama alipakia maboksi kwenye ghala. Jumamosi hiyo Madamu Ruth, mzungu mzee wa kanisani kwetu, alitupeleka kikundi kizima nje ya mji, kutembea vijijini na kuona nyumba za zamani za mawe.

Mama alivaa kitenge cha Jumapili. Kwapani alibana mfuko wenye makaratasi yetu yote ya ukimbizi.

"Tunahamia wapi tena?" aliniuliza.

"Hatuhami, Mama. Tunatembea tu."

"Watu wazima, bila kwenda popote?"

Nilicheka. Sikufikiri kwamba safari zote ndefu alizowahi kwenda kwa miguu, alikuwa anakimbia vita.

Tukapita kuta za mawe zilizoota ukungu wa kijani, na kanisa dogo lenye kufuli, kisha tukatokea kwenye uwanja mpana wa nyasi, hauna ng'ombe wala mtu. Mama alisimama. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole, akaunusa udongo. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu tushuke kwenye ndege.

"Riziki, mwombe Madamu anitafutie kona moja hapa nipande maharage. Mwambie najua kulima. Nitakuja hata kwa miguu."

Watoto wenzangu walikuwa wanatutazama. Kitenge kilikuwa na tope magotini, kucha zake nyeusi. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamgeukia Madamu Ruth, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Mama amepapenda, ni pazuri.

Madamu akatabasamu, akamshika Mama begani. Pazuri sana, akasema.

"Amesemaje?" Mama aliuliza upesi.

"Amesema haiwezekani."

"Mbona anacheka?"

"Huku ndivyo wanavyokataa."

Mama akajipangusa mikono kwenye kitenge kilekile, akafuata wenzake. Hakuuliza tena, siku ile wala baadaye. Aliendelea na maboksi mpaka mgongo ukakataa kabisa.

Mwaka jana nilimweleza ukweli. Alikuwa amekaa kitini, mkanda wa mgongo kiunoni, na Madamu Ruth alishafariki zamani. Nilingoja anikaripie.

"Nilijua," alisema. "Nilijua palepale. Lakini ningemwuliza kwa kinywa gani?"

Miaka yote hiyo nilidhani nilisema uongo mdogo wa kitoto ili nisichekwe. Kumbe katika nchi hii nzima Mama alikuwa na kinywa kimoja tu, nacho kilikuwa changu.