Sauti Niliyoifuta Upande Wangu

Kabla sijamaliza kidato cha nne nilikuwa nimeshakuwa sista. Utawani sijawahi kuingia, ila ndivyo watu walivyoongea. Mama alisema tangu nikiwa mdogo kwamba mimi ni wa Mungu, kwa kuwa nilikuwa mkimya na sikupenda kucheza nje, na jumuiya yetu ya sala pale Izia ikapokea hivyo. "Sista wetu atatuombea," walisema nikiwapa uji. Darasani nako waliniita Sista. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikukataa, maana kukataa kunataka uongee.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao upepo wa Sumbawanga unapenya sweta kama halipo. Alhamisi hiyo mwalimu wa fizikia alikuja na simu yake, akatuonyesha video alizopiga mwenyewe. Ya kwanza, jiwe limefungwa kwenye uzi, linabembea.

"Hii inakwenda mbele, au nimeigeuza?"

Wengine walisema mbele, wengine nyuma. Hakuna aliyekuwa na hakika. Ya pili ilikuwa moshi. Ulishuka kutoka juu, ukajikusanya, ukaingia kwenye kuni. Darasa zima likaangua kicheko.

"Imegeuzwa!"

"Mmejuaje?"

"Mwalimu, moshi haurudi," alisema mmoja wa nyuma. "Labda huko kwenu."

Mwalimu akacheka nasi, halafu akasema jambo ambalo halijanitoka mpaka leo. Kanuni za mwendo hazijali mbele wala nyuma. Kila chembe ya moshi, ukiitazama peke yake, inaweza kurudi ilikotoka bila kuvunja kanuni yoyote. Ila njia za moshi kutawanyika ni nyingi kupita kiasi, na za kujikusanya tena ni chache mno, kwa hiyo hatuzioni kamwe. Ndiyo maana wakati unaonekana una upande mmoja.

Nikanyoosha mkono. Hata mimi nilishangaa kuuona juu.

"Mwalimu, sasa mbona hapo mwanzo ulikuwa umekusanyika?"

"Hapo umenikamata," akasema. "Tukirudi nyuma mpaka mwisho, wanasema ulimwengu wote ulianza ukiwa umepangika. Kwa nini ulianza hivyo, hakuna ajuaye." Akaongeza kwamba wapo wanafalsafa wanaosema kesho ipo tayari kama jana ilivyo, ni sisi tu hatujaifikia.

Mwenzangu wa dawati akanipiga kiwiko. "Sista kauliza swali! Leo mvua itanyesha."

Sikucheka. Kesho ipo tayari: nilihisi mwalimu ameielezea nyumba yetu. Watu wengine jana yao imefungwa na kesho yao iko wazi. Mimi zote mbili zilifungwa, moja na yaliyokwisha kutokea, nyingine na mama.

Jioni, mama akiwa uani anapepeta ulezi, nilichukua simu yake nimtumie sauti binti wa mama mkubwa anayekaa kijiji cha Kate. Ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia kitu, tena kwa simu, si uso kwa uso. Nikanong'ona: "Dada, mimi sitaki usista. Sijawahi kuutaka. Naona kama nimefungiwa ndani na ufunguo anao mama. Nisaidie, nimwambieje?" Nikatuma. Ndipo nikaona jina lililoandikwa juu: kundi la jumuiya.

Nikabonyeza kufuta, simu ikaniuliza nifuteje, nikagusa popote kwa haraka. Sauti ikatoweka. Nilishapumua ndipo nikaelewa nilichogusa: futa kwa ajili yangu. Ilifutika kwenye simu ya mama tu. Kwenye simu za wengine ilibaki, na mimi sikuwa tena na mahali pa kuibonyeza.

Nikakaa kitandani nawaza ule moshi. Muda mfupi tu uliopita maneno yale yalikuwa kifuani mwangu peke yake. Sasa yako Izia nzima, pengine yameshafika sokoni Mazwi. Sikio moja linaweza kusahau, na la pili pia. Hakuna kanuni inayokataza yote kusahau kwa pamoja. Nilimwelewa mwalimu kuliko nilivyotaka.

Katika kundi lote, asiyekuwa na sauti ile alikuwa mama. Na Jumamosi jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu. Nisipomwambia mwenyewe, atakuja kuambiwa mbele ya watu.

Ijumaa nilimfuata jikoni nikasimama.

"Unataka nini?"

"Hamna, mama."

"Basi shika mwiko."

Nikashika mwiko. Nilipokuwa nasonga ugali nikawaza: mbona Alhamisi naikumbuka na Jumamosi siikumbuki, wakati zote ziko siku moja kutoka hapa? Alhamisi imeacha alama kwenye simu za watu. Jumamosi haijaacha hata moja. Basi labda haipo tayari. Labda mwanafalsafa yule amekosea. Nikashikilia hilo, nikapakua ugali bila kumwambia.

Jumamosi asubuhi wakaja. Nilibanwa pembeni, kati ya kabati na mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mtu mzima mwenye rozari mkononi. Mlango ulikuwa upande wa pili. Ukafika muda wa maombi, mama akaanza:

"Tumwombee binti yetu, Mungu amkamilishe katika wito wake. Ee Bwana…"

Siku zote wanaitikia kama kwaya. Safari hii hakuna aliyeitikia. Mama akadhani hawakusikia.

"Ee Bwana," akarudia kwa nguvu, kisha akajiitikia peke yake: "Twakuomba utusikie."

Mtu akakohoa. Mwenyekiti akaangalia rozari yake.

"Mama," nikasema. "Usiliombe hilo."

"Lipi?"

"La usista. Mimi sitaki."

Hakunitazama mimi. Aliwatazama wao, mmoja mmoja, akaona hakuna aliyeshtuka.

"Kumbe mnajua."

"Tulidhani umesikia, dada," mwenyekiti akasema taratibu. "Sauti ilitoka kwenye simu yako."

Sala ilimalizwa haraka. Mama akatoka uani kwenye chai, nikamfuata. Alinipa mgongo, akaniuliza kwa Kifipa, lugha anayoirudia akiumia, tangu lini. Nikamwambia sijui, pengine tangu mwanzo. Akapanga vikombe kwenye sinia, akavipanga upya.

"Haya. Sasa wewe unataka nini?"

Jana yake aliniuliza vilevile nikasema hamna. Leo nilitaka kujibu, nikatafuta, nikakuta hakuna kitu kilichoandaliwa huko mbele. Niliogopa kuliko nilivyoogopa sebuleni. Ndani watu walikuwa wanasubiri chai, na mama alisimama na birika mkononi, bila kumimina, ananisubiri mimi.