Alipobaki Akiimba Peke Yake

Tulitoka Ushirombo nikiwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni, tukahamia Bugarama. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayonguruma kutwa. Jioni alirudi vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nilimwekea maji ya kuoga, nikampikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala, tukasali pamoja na kucheka. Raha ile niliiona ya kawaida tu.

Miaka ikapita, akaanza kubadilika. Namsemesha kutoka jikoni, hajibu. Namwambia mtoto ana homa, anaitikia "sawa" kisha anafungulia redio mpaka majirani wanalalamika. Nilizijua habari za wanaume wa machimboni na wanawake wao wa pembeni, nikajiambia zamu yangu nayo imefika. Nikamshtaki kwa wasimamizi wetu wa ndoa. Walipotukalisha, yeye alinikazia macho usoni tu, akasema halijui kosa lake. Nikazidi kuumia. Sala ya pamoja ikafa. Kila mtu akasali kivyake, na yangu ilikuwa manung'uniko matupu.

Jumapili moja, katikati ya wimbo wa matoleo, umeme ukakatika. Kinanda kikazima, kwaya ikanyamaza. Mume wangu akaendelea. Hakujaliwa sauti, ila kuimba alikupenda. Alikuwa amefumba macho, akamaliza ubeti mzima peke yake, kanisa zima limegeuka. Watoto wakaangua kicheko. Nilipomgusa mkono akafumbua macho, akaona anavyotazamwa, akaketi polepole.

Tulipotoka kanisani tukashika njia ya nyumbani. Nikamshika bega, nikamgeuza.

"Baba watoto, tangu lini?"

"Muda mrefu, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo akiwa na furaha sana, au na hofu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenitoa kazini. Halafu ukinitazama nakupata vizuri tu, naangalia midomo. Ukigeukia jiko ndipo unanipotea."

Nikalia pale pale barabarani, bodaboda zikitupita.

Nisidanganye, hasira haikuisha siku hiyo. Kwa nini aliniacha nimshtaki mbele za watu, naye akakaa kimya? Nilimuuliza hilo mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba aliona aibu. Mwishowe karasha akaiacha, tukahamia Shinyanga mjini, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Mimi nikajifunza kumzunguka na kusimama mbele yake kabla ya kufungua mdomo. Naye ana ujanja wake: tukigombana akichoka, anafumba macho, na kwa upande wake ugomvi umekwisha. Nabaki nimeshika kiuno, nacheka bila kutaka.

Sala ya jioni tuliirudisha. Nasali kwa sauti kubwa ili anipate, na nyumba zetu zimebanana. Asubuhi moja nilikwenda naye dukani kwa jirani yetu, kijana wa Kiislamu mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana tumekusikia ukimwombea mzee apunguze ubishi. Na sisi huku tukaitikia amina."

Mume wangu alikuwa anakagua viberiti. Akainua kichwa.

"Anasemaje?"

"Anakusalimia," nikamwambia, nikimtazama usoni.