Kihenge cha Siku ya Mavuno

Mwaka ule mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Tulingoja, tukangoja tena, mwishowe watu wakaacha hata kuyatazama mawingu. Huku kwetu upande wa Lusu mpunga ndio uliotangulia kunyauka, maana majaruba yalikuwa hayajajaa tangu mwanzo. Mtama ulijitahidi. Naandika "ulijitahidi" kwa sababu sitaki kuusingizia. Wenye mtama tulipata kidogo.

Kabla ya hapo, mvua ikiwa bado inanyesha vizuri, kamati ya mavuno ya kanisa letu ilikuwa imekata shauri kwamba Siku ya Mavuno ifanyike kama zamani. Miaka hii watu huleta mahindi kwenye mifuko ya nailoni, kuku aliyefungwa miguu, boga, wengine soda, vitu vikapangwa mbele ya madhabahu na kunadiwa. Kamati ilitaka kihenge. Kila kaya ije imimine nafaka yake mbele ya wote, halafu nafaka hiyo wagawiwe wajane na wagonjwa. Lilikuwa wazo zuri, nasema hivyo hata leo.

Kihenge, kwa asiyekikuta, ni ghala la kusukwa. Fito za mkole husukwa zikiwa mbichi, kuanzia kitako. Zikifika ukingoni hukunjwa kwenda juu kuwa tumbo, na mwisho chote hukandikwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi. Siku hizi tunaweka mahindi kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, na kusema kweli wadudu dumuzi hawaingii. Mimi mwenyewe ninayo. Kwa hiyo nikiandika kwa huzuni juu ya vihenge, mtu ana haki ya kuniuliza changu kiko wapi.

Aliyebaki kijijini anayejua kusuka ni mjomba wangu, kitinda mimba katika ndugu wa mama yangu. Husema babu yake aliwasukia watu waliouza nafaka kwa misafara iliyopita njia ya zamani kwenda Tabora na Ujiji. Huenda ni kweli, huenda ni kujisifu; sijasikia mwingine akisema.

Nilikuwepo mwenyekiti wa kamati alipofika kwake kumwomba. Ni mtu mpole, mwenye duka la pembejeo, na huwa anavua kofia hata kabla hajafika uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo kanisa limepotea njia?"

"Tumekuja kwa shida, baba. Tunataka kihenge."

"Mnanitaka mimi au mikono yangu? Kama ni mimi, mmechelewa. Kama ni mikono, nayo sijui kama bado ipo."

Mwenyekiti akacheka, akaeleza. Akaongeza kwamba kuna vijana wa kwaya wamejiandikisha kufundishwa, ili kazi isife naye. Nilidhani mjomba atafurahi. Aliinamia tenga la kuku alilokuwa akilimalizia.

"Vijana wangoje," alisema. "Chombo kikubwa sijasuka siku nyingi. Nasuka matenga, na tenga likilegea kuku hana pa kushtaki. Kihenge kikishapokea nafaka, ikakaa na uzito wake, ndipo fundi anajua kama bado ni fundi. Kikibeba, nitawafundisha mpaka wanichoke. Kisipobeba mtanisamehe. Siwezi kumfundisha mtoto wa mtu kosa langu."

Mwenyekiti alikubali. Sidhani kama alisikia. Au alisikia kama tunavyosikia maneno ya wazee, kwa heshima tu.

Mjomba alisuka mvua ikikatika. Watu walipita wakielekea mashambani, wakarudi mikono mitupu, yeye akisuka. Jirani mmoja akamtania, "Mzee, unasukia nafaka ya nchi gani?" Akajibu, "Ya kwako, ukiacha uvivu." Lakini niliona akisimamisha kazi mara kwa mara na kubonyeza tumbo la kihenge kwa kidole gumba, akitega sikio. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema hasikii kitu, ndiyo maana anarudia.

Siku ya Mavuno ilipofika kanisa lilijaa. Kulikuwa na wageni kutoka mjini, na simu zilikuwa juu tangu wimbo wa kwanza. Mjomba haendi kanisani sana, ila alikuja na koti lake, na mzee wa kanisa mlangoni akamwambia, "Ingia polepole, baba, paa hilo halijakuzoea." Alikaa benchi la mbele.

Kihenge kilikuwa mbele, kimefunikwa shuka. Kilipofunuliwa, tulianza kumimina. Wengi walikuja na bakuli, wengine kikombe. Mama mmoja alifungua ncha ya khanga, akatoa mtama usiojaa viganja viwili, na hakuna aliyecheka. Zamu yangu ilipofika nikaona nafaka imefika karibu na mdomo. Nikajiambia, kumbe watu wana ukarimu kuliko ninavyowadhania. Nikaona haya kwa mawazo yangu.

Kwetu fundi ndiye anayemimina mwisho. Akishamimina huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, apapase kwa ndani kama fito zimeshika. Mjomba alimimina mtama wake, akakunja mkono wa koti, akazamisha. Mkono ulikwama kabla hata kifundo hakijazama. Akausogeza pembeni, ukakwama tena. Mimi nilikuwa karibu, nikamwona usoni. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akadhani imebaki moja.

Akautoa mkono, akapangusa, akarudi benchini. Watu wakapiga vigelegele. Wale wageni walimwomba arudie ili wapige picha vizuri, naye akarudia.

Baada ya ibada, nyuma ya kanisa, mwenyekiti alitueleza mwenyewe, hatukumbana. Chini walikuwa wamejaza pumba za mpunga, wakatandika turubai, nafaka ikakaa juu yake. "Baba, ningefanyaje? Kihenge kikubwa vile, halafu bakuli hizi zizame chini zisionekane? Watu wangejiona maskini mbele ya wageni. Na kazi yako ingeonekana bure."

"Nafaka ya juu inakwenda wapi?" mjomba aliuliza.

"Kwa wajane. Yote. Hakuna punje itakayopotea."

Na kweli haikupotea. Niliona ikigawiwa. Nimefuta neno "udanganyifu" mahali hapa mara mbili, na bado sijui kama nimefanya vema kulifuta. Mwenyekiti alikuwa akituficha aibu yetu, na mimi ni mmoja wa waliofichwa.

"Sikulaumu," mjomba alisema. "Ila pumba hazina uzito. Kihenge hakijabeba kitu. Mimi nilikuja kujua, na sijajua."

"Basi tukijaze mchanga, baba. Kesho tu. Upime."

"Mchanga utakipasua hata alichosuka baba yangu. Utakuwa umenipima kwa kosa lako."

"Sasa vijana?"

"Vijana wangoje nafaka."

Yule mwenyekiti alinitazama mimi, kama mpwa anayeweza kumlainisha mjomba wake. Nilijaribu njiani tukirudi. Nilimwambia kila mtu kakisifu. Akaniambia, "Wamesifu nje, mpwa wangu. Nje ni udongo."

Vijana walingoja kwa muda. Mmoja akaenda Choma kuchunga ng'ombe wa watu, mwingine akapata pikipiki ya kubebea abiria, na waliobaki sikuwasikia tena wakiitaja habari hiyo. Siwalaumu. Mwaka wa njaa hakuna anayejifunza kusuka ghala. Kihenge kilisukumwa kona ya kanisa, pumba zikiwa ndani. Kwaya wakawa wanatundika majoho yao juu yake.

Msimu uliofuata mvua ilikuja vizuri. Haikuwa ya kuringia, ila watu walivuna, na mavuno yakiingia nyumbani maneno hurudi. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa mwenyekiti nikamkumbusha: safari hii ipo nafaka, kijazwe sawasawa, mzee ajue. Alifurahi. Nadhani jambo lile lilikuwa limemsumbua pia. Tukaenda kanisani siku ya kazi, yeye, mjomba na mimi, tukatoa majoho, tukachota pumba. Zilikuwa zimevundia. Kisha mwenyekiti na mimi tukashika kihenge huku na huku ili tukiweke juu ya mawe, maana kihenge hakikai sakafuni.

Tumbo liliinuka. Kitako kilibaki chini.

Mchwa walikuwa wameingia kwenye ufa wa sakafu, wakala kutoka chini, na kwa juu udongo ulikuwa safi kabisa. Mwenyekiti alisema pole mara nyingi mno. Mjomba alichutama, akaokota vipande vya fito, akavivunja kwa vidole, vikamwagika kama unga.

"Hapa ndipo pangebeba," alisema.

Nilimwomba asuke kingine. Akaniambia mikono ilimwishia kwenye kile. Sikuamini mpaka aliponionyesha: malaria ya masika ilimwacha na mtetemeko, na kikombe cha chai hukishika kwa viganja vyote viwili. Nikasema basi nifundishe mimi. Nilitegemea atasema vihenge si kazi ya wanawake, nami nilikuwa na jibu. Hakusema. Aliniuliza tu kama mgongo wangu ni mzima.

Tumekuwa tukikaa mbele ya nyumba yangu jioni. Kitako ninakiweza kidogo: fito zinapangwa kama miali, kisha unazunguka, juu chini, juu chini, unagonga kwa ubao zisogeane. Tukifika ukingoni tunakwama. Pale fito zinatakiwa kukunjwa kwenda juu zote kwa pamoja, zikivutwa kwa nguvu ya aina ambayo hawezi kuisema. Amejaribu. "Vuta kama unamzuia ndama asinyonye, si kama unachota maji." Nikivuta, ama zinakatika ama zinarudi. Anaweka mikono yake juu ya yangu ili nihisi, na ninachohisi ni mtetemeko.

Nina vitako viwili visivyo na tumbo. Nimeanikia michembe ya viazi juu yake, vinafaa kwa hilo. Sijui kama mwenye akili zaidi yangu, au mmoja wa wale vijana, angekuwa ameshaupata mkunjo huo, nadhani ndiyo.

Jana mjomba alikuja akatazama cha tatu, ambacho nilikiona kizuri. Akakibonyeza katikati kwa kidole gumba. Akasema kimelegea, nisikunje, nifumue nianze upya. Ni kweli kilikuwa kimelegea. Nimekifumua leo asubuhi. Fito zilikuwa zimeshakauka, nyingi zimekatikia mkononi, na mkole mbichi hautapatikana mpaka mvua inyeshe.